Shajara ya pete ya muhuri: asali, nta na sonara wa Tabora

Siku ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika humu maana nisipoandika nitasahau nini nilijaribu kikakataa na nini kikakubali. Mradi wenyewe mdogo tu, nataka pete yenye muhuri wangu mwenyewe, niwe nagandamizia kwenye nta juu ya mfuniko wa chupa ya asali, ili chupa ikifunguliwa ijulikane imefunguliwa, bas. Anayeuza asali ya Tabora nje ya Tabora anajua kwa nini. Mwezi uliopita mteja wa Dar kanipigia kafura, ananiambia nimemuuzia shira ya sukari. Nikamwomba picha. Chupa yangu, lebo yangu, ila kilichomo ndani hapana, rangi kama chai ya rangi iliyosahaulika kwenye kikombe. Kuna mtu hapo katikati kamimina asali yangu kajaza mambo yake, na lebo haimzuii, lebo steshenari yoyote wanakutolea kopi umesimama.

Leo nikaenda kwa sonara mmoja mzee karibu na soko kuu. Shikamoo fundi, marahaba, nikamwambia nataka unitengenezee muhuri. Alikuwa anapuliza moto kwenye heleni ya mtu, akaacha kupuliza.

"Mihuri ya ofisi sifanyi mwanangu. Nenda salama."

Kumbe muhuri kichwani kwa watu sa hivi ni ule wa mpira wa mtendaji wa kata, wa wino wa bluu, na anayekuja kuomba achongewe pembeni pembeni ni mghushi tu hakuna jina lingine. Nikakaa kwenye benchi nikamweleza habari ya chupa toka mwanzo, akanisikiliza huku ananiangalia juu ya miwani, afu akacheka. "Aa, pete ya lakiri! Si useme." Lakiri nilikuwa nimeisikia ila sijawahi kuishika, ni ile nta ngumu nyekundu ya kufungia bahasha, mzee anasema zamani posta vifurushi vya thamani vilikuwa vinapigwa lakiri kwenye kila fundo la kamba. Tukakubaliana kwanza nimletee mchoro. Hajataja bei. Hiyo inanitisha kidogo.

Siku ya 3

Jana usiku nimesoma mpaka bando likaisha. Nilichokuwa sijui ni kwamba wazo langu la chupa ndo kazi ya kwanza kabisa ya muhuri, wala sio barua. Mesopotamia, Iraki ya leo, zaidi ya miaka 5000 iliyopita, walikuwa wanafunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa, wanafunga kamba, wanabandika udongo mbichi juu ya fundo, afu wanaviringisha juu yake kijimuhuri cha jiwe chenye umbo la kipande cha chaki, kimechongwa picha kuzunguka pande zote. Udongo ukikauka huwezi kufungua mtungi bila kuuvunja, na ukiuvunja huwezi kurudisha ile picha kwa sababu jiwe unalo wewe mwenye mali shingoni. Na milango ya stoo ni vilevile, kamba kwenye kigingi, udongo, muhuri. Wamisri nao wakaja na vile vya umbo la yule mdudu anayeviringisha mavi, wengine wanavivaa kwenye pete.

Na sio wafalme wanaume tu. Pale Uru, mji wa kale wa hukohuko Mesopotamia, walipochimba makaburi, yule Mwingereza mchimba mambo ya kale Woolley na watu wake miaka ya 1920, wakakuta mama mmoja mkubwa anaitwa Puabi kazikwa na mihuri yake, mmoja wa jiwe la bluu la lapisi, jina lake limeandikwa pale. Nimemwonyesha mama watoto, kaniuliza kwahiyo mi wangu uko wapi. Sikujibu.

Siku ya 4

Mchoro. Nilianza na herufi za jina langu, nikachora kwenye karatasi, zikaonekana kama nembo ya kampuni ya mabasi. Nikajaribu nyuki. Nyuki ana miguu sita na mbawa nne, kwenye uso wa pete wenye ukubwa wa kucha ya dole gumba hiyo ni fujo tupu, ukigandamiza inatoka kama kunguni aliyekanyagwa.

Jioni ndo nikakumbuka mizinga ya babu. Babu alikuwa anatundika mizinga ya magome huko porini, kilometa nyingi kutoka mjini, na kila mzinga alikuwa anauchanja kwa kisu mistari mitatu ya kulala na nukta chini yake, hajui kusoma wala kuandika ila mtu yeyote akipita akiona ile alama anajua huu wa fulani, usiguse. Nilikuwa nayo muda wote hiyo nahangaika na nyuki! Mistari mitatu na nukta. Nimeichora kwa kalamu ya risasi mara ishirini hivi mpaka ikakaa.

Kitu kingine nilichokipenda, alama ile ile ukiigeuza kushoto kulia haibadiliki. Kwanini hiyo ni muhimu nitasema chini, maana nilikuja kuiharibu mwenyewe.

Siku ya 6

Lakiri. Hapa ndo nimekaa sana na nitaandika kirefu.

Nta ninayo, hiyo sio shida kwa Tabora. Nta tupu inayeyuka kama nyuzi 62, 64 hivi, inamiminika vizuri, inashika picha vizuri, nikafunga chupa tatu nikaziweka dirishani nikajisifu. Saa tisa alasiri mistari ya babu imeyeyuka kidogo pembeni, na ukiweka kidole inabaki alama ya kidole. Kwa jua letu la mwezi wa kumi hiyo ni mzaha. Afu nta laini mtu anaibandua na wembe wa moto nzima nzima anairudisha, hata hujui.

Ulaya zama za kati walikuwa wanachanganya nta na utomvu wa miti, kama theluthi mbili nta na theluthi moja utomvu, wakitaka nyekundu wanatia zinjifuri, kijani wanatia kutu ya shaba. Baadaye, kuanzia karne ya 16, wakahamia kwenye ile gundi ya kijidudu cha India, ndo lakiri ngumu yenyewe tunayoijua, ile inayopasuka tap! kama biskuti. Sina kijidudu cha India. Nikaenda kwa fundi redio, nikanunua ule utomvu wa msonobari wanaochovyea hoda, vipande vya rangi ya asali (nimecheka mwenyewe). Rangi nikachukua ngeu kwa fundi seremala, ile ya kupigia mstari kwenye mbao, nikaitwanga na kuichekecha kwa kitambaa.

Jaribio la kwanza, utomvu mwingi kuliko nta. Nikaweka sufuria ndogo kwenye mkaa moja kwa moja, nikageuka kuchukua chupa, nageuka tena moto unawaka ndani ya sufuria. Nikafunika na mfuniko ukazima, hakuna aliyeumia, ila sufuria ilikuwa ya maziwa ya mtoto na sijasamehewa mpaka naandika hapa. Mkaa mchache, na usiondoke, na ikishika moto maji usimwage.

Jaribio la pili ilitoka ngumu nzuri, nyekundu ya tofali, ila nikiangusha chupa kwenye mchanga tu lakiri inaruka yote. La tatu nusu kwa nusu, kijiko cha ngeu kwa kila vijiko kumi vya mchanganyiko. Inashika kwenye glasi, inashika picha, dirishani saa tisa bado mistari inakata. Nimeiandika ukutani kwa chaki: NUSU KWA NUSU.

Muhuri wa kujaribia nilikuwa nauchonga kwenye sabuni ya mche, kwa pini. Sabuni ikilowa inateleza na nta haishiki. Mwenye kutaka kujaribu aanzie hapo, haina gharama.

Siku ya 9

Nimerudi kwa fundi na mchoro. Kautazama, kauliza shaba au fedha. Nikasema dhahabu bei gani, kunitania tu mwenyewe. Akaweka tupa chini. Dhahabu kwa mwanamme hapana, na akanihadithia, mi nilikuwa naijua juu juu ila yeye anaisimulia kama ilitokea mtaa wa pili. Mtume (SAW) alipotaka kuwaandikia wafalme wa Warumi na wengine akaambiwa hawa hawapokei barua isiyo na muhuri, ndo akatengeneza pete ya fedha, maneno yake mistari mitatu, Muhammad, Rasul, Allah. Na akakataza mtu mwingine yeyote kuchonga kama ile. Baada yake ikavaliwa na Abubakari, afu Omari, afu Othmani, na siku moja Othmani amekaa kwenye kisima cha Arisi pale Madina pete ikaanguka ndani. Siku tatu wanatafuta, kisima wamekikausha maji, haijaonekana mpaka leo.

"Barua isiyo na muhuri hawapokei," fundi akarudia, "sasa nenda kwa mtendaji na barua yako ukaone kama dunia imebadilika."

Kweli bwana. Na Japani nimesoma mtu wa kawaida ana kimuhuri cha jina lake, ule mkubwa anaupeleka kuusajili manispaa, ndo anatumia kununua nyumba. Sisi muhuri ni wa ofisi, mtu binafsi ana dole gumba.

Basi ikawa fedha. Kwanza atachonga ya majaribio kwenye shaba ya manjano, nikiridhika ndo ya fedha, kwa bangili moja ya marehemu bibi iliyokatika ambayo ilikuwa kwenye droo toka msiba.

Siku ya 13

Nimekaa dukani kwake asubuhi nzima kuangalia. Ana fimbo fupi ya mti kama mpini wa nyundo, kichwani ina donge jeusi, analipasha kwenye moto mpaka lilainike kama ugali wa moto, anazamisha mguu wa pete ndani, linapoa, pete inabaki imeshikwa uso juu haitikisiki. Nikamuuliza hilo donge nini. Lakiri. Kumbe alivyolijua lile neno ni hivyo, anafanya nayo kazi kila siku.

Kalamu yake ya chuma ni nyembamba, mpini wa mviringo unakaa kwenye kiganja, anaisukuma kwa kiganja na dole gumba linakaa breki. Haigongi na nyundo. Shaba inatoka kama unyoya mwembamba unaojikunja, anaupuliza, anasukuma tena. Mkono wa kushoto ndo unaozungusha fimbo, wa kulia umetulia tu. Mstari mmoja dakika kumi hivi.

Sasa ujinga wangu. Nilikuwa nimeongeza herufi chini ya nukta, T ya Tabora na herufi ya kwanza ya jina langu ambayo ni R, kwa sababu niliona alama ya babu peke yake mtu wa Dar hataielewa. Muhuri unachongwa kinyume ili ukigandamiza utoke sawa, hilo nalijua, kwahiyo nyumbani nikaichora R imegeuka tayari, na T nayo nikaihamisha upande. Fundi naye miaka yote hiyo anajua wateja wanaleta mchoro ulio sawa, akaugeuza. Tukageuza wote wawili. Tukapasha donge, tukatoa pete, nikagandamiza kwenye lakiri, ikatoka RT na R imegeuka inaangalia ukuta.

Kimya. Afu mzee akasema "haya, nani kakosea?" na akajibu mwenyewe, "umekosea wewe, mchoro haukuandikwa chochote."

Akanikumbusha ile sarafu ya tembo. Mwaka 1916 Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari na vita, wakapiga pesa ya dhahabu ya rupia 15 hapahapa Tabora kwenye karakana ya reli, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake, na mwezi wa tisa mwaka ule ule Wabelgiji wakaingia mjini. Yule tembo mtu alikaa akamchonga kinyume na kwa ndani, palipoinuka akapachimba, kwenye chuma kigumu sio shaba. Fundi anasema angelipwa nini angekataa.

Herufi nimeziondoa. Ya fedha itakuwa mistari mitatu na nukta tu, igeuzwe isigeuzwe ni ileile.

Siku ya 20

Pete imekuja. Nzito kuliko nilivyodhani, uso bapa wa yai, mistari imezama ukipitisha ukucha unakwama. Nimevaa kidole kidogo cha kulia. Kalipisha elfu arobaini ya kazi na akakataa kuongeza ya ile shaba iliyoharibika.

Siku ya 21

Chupa arobaini leo. Habari mbaya, pete kidoleni sio kifaa cha kazi. Barua moja sawa, unamimina, unakunja ngumi, unagandamiza, unajiona sultani. Chupa ya nne pete imepata moto, lakiri inaanza kung'ang'ania kwenye mistari, unatoa pete na kipande cha muhuri kimeondoka nayo, na kidole kinaungua. Chupa ya saba nikasimama.

Nilichofanya, nikachonga kigingi cha mninga, chembamba huku kinanenepa kule, pete naivua naisukuma kwenye kigingi mpaka inabana, uso unatazama chini, ndo mpini huo. Pembeni bakuli la maji ya mtungini. Unachovya uso kwenye maji, unafuta, unagusa kitambaa chenye mafuta ya alizeti kidogo sanaaa, unagandamiza, unahesabu mpaka kumi na tano, unanyanyua. Mafuta yakizidi mistari inakuwa na malengelenge. Thelathini na tatu zilizobaki hazikuchukua hata saa moja na nusu. Nikimaliza pete inarudi kidoleni, na hapo ndo naona kwanini watu wa zamani waliing'ang'ania pete wakati mpini ni rahisi zaidi, mpini ungelala mezani, na kitu kinacholala mezani nyumbani kwangu kinapata mwenyewe mwingine kabla ya magharibi.

Siku ya 24

Dada yangu anauza asali yangu Kigoma, kaona picha, anataka na yeye pete. Anasema anapokea madumu, anajaza chupa kule, afunge na nini? Ana hoja.

Nimezunguka na hili siku mbili. Shemeji yangu ambaye ni mtu wa kanisa kanifungulia Biblia, Yezebeli alichukua muhuri wa mume wake Ahabu akaandika barua kwa jina la mfalme, Nabothi akauawa kwa shamba la mizabibu. Afu Yuda aliyeweka muhuri wake rehani kwa Tamari ukaja kumuumbua. Shemeji anafurahia sana habari za namna hii. Kwa upande mwingine Augusto wa Roma alikuwa na muhuri wa sfinksi, na pacha wake aliwapa watu wake wa karibu Agripa na Maecenas, wazifungue barua zake, wazirekebishe, wazifunge tena, na mpokeaji hajui. Yaani muhuri wa mfalme mzima na bado barua imepita mikononi mwa watu wawili. Na Papa akifariki pete yake ya cheo, wanaiita ya mvuvi, inaharibiwa, isije ikafunga barua ya marehemu. Benedikto alipojiuzulu mwaka 2013 yake ilikwanguliwa msalaba.

Mi sikutilia shaka dada. Ninachotaka ni siku chupa ikileta kesi nijue ilifungwa Tabora au Kigoma, nisimlaumu yeye kwa kosa langu wala yeye asinilaumu kwa lake. Fundi kalitatua kwa sekunde tatu: ya dada mistari mitatu na nukta mbili. Nilivyomwambia dada akasema "kwahiyo mimi ndo nimeendelea." Sawa.

Mama watoto kasikia pete ya pili imetengenezwa na sio yake. Ya tatu nimeagiza.

Siku ya 31

Pete ya dada na chupa kumi na mbili za kwangu zimeondoka juzi na treni kwenda Kigoma, nimezipanga kwenye boksi na maranda ya seremala yule wa ngeu. Leo kapiga.

Kumi na moja nzima. Moja lakiri imepasuka katikati, mstari wa juu upo, wa chini na nukta vimemeguka viko kwenye maranda. Mfuniko haujazunguka, anasema, ila hawezi kuapa. Akaniuliza aiuze au asiuze, na hapo nikagundua mwezi mzima nimehangaika na utomvu na mistari na sijawahi kujiuliza hilo swali.

Nikamwambia aifungue aonje. Nikasikia mfuniko, nikasikia kijiko, afu kimya, afu "ni ya miombo hii, ni ya kwetu."

Nikamwambia asiiuze hata hivyo, awape watoto na mkate.

Cha kufanya wiki ijayo: nta iongezwe kidogo, sita kwa nne, nione kama dirishani saa tisa inavumilia. Na sufuria ya maziwa, kununua mpya.